GARI LAKO: Usukani Ukitikisika, Usikimbilie Dukani

Leo twende pamoja hadi Garsen, katika Kaunti ya Tana River, maana huko ndiko ilikotoka barua tutakayoishughulikia. Aliyeiandika ni mwalimu. Ameomba jina lake na la shule yake yasitajwe, nami nimekubali, kwa sharti kwamba aniruhusu kuwasimulia habari za gari lake. Najua si yeye peke yake anayesumbuliwa na ugonjwa huu.

Gari lenyewe ni Land Rover ya Series III, aina iliyotengenezwa kati ya 1971 na 1985. Bila shaka wengi wenu mmewahi kulipanda: springi za vyuma bapa vilivyolaliana, milango isiyofungika mpaka ibamizwe, na usukani mpana kama sinia ya pilau. Ndilo gari la pekee la familia hiyo. Ndilo linalobeba mahindi kutoka shambani, ndilo linalompeleka mama yake mzazi kliniki Malindi, safari ya zaidi ya kilomita 100 kwenda tu.

Sasa sikia maradhi. Gari likifika mwendo wa kilomita 60 kwa saa, gurudumu la mbele likagonga kiraka cha lami au ukingo wa daraja, usukani huanza kurushwa kushoto na kulia kwa nguvu za kuumiza mikono. Gari zima hutetemeka. Halitulii mpaka mwendo upunguzwe karibu na kusimama. Ikafika mahali mkewe mwalimu akakataa katakata kuwapandisha watoto, na mama mzee akawa afadhali abanwe ndani ya matatu kuliko kupanda gari la mwanawe.

Usidhani mwalimu alikaa bure. Alinunua matairi mawili mapya ya mbele. Akafanyiwa alainimenti. Kisha akauziwa dampa, ile shokabsoba ndogo inayolala kando ya vyuma vya usukani. Kila mara alipata nafuu ya wiki mbili tatu, halafu yale yale. Mwishowe fundi mmoja akamwambia kuwa Land Rover kuukuu ndivyo zilivyo, azoee au auze.

Hapo mimi na fundi huyo tunaachana njia. Gari hilo lilipotoka kiwandani halikuwa likitikisika. Kwa hiyo kuna kitu kimelegea, kimelika, kimepinda au kimechafuka, na kitu cha aina hiyo hutafutwa kwa mikono kabla ya kutafutwa kwa pesa.

Kwanza tuelewe kwa nini magari haya yana tabia hiyo. Wanafunzi, hapa mnaweza kufanya jaribio nyumbani. Chukua gurudumu la mbele la baiskeli, ulishike ekseli yake kwa mikono miwili, mmoja huku na mwingine kule. Mwambie mwenzako alizungushe kwa kasi. Likiwa linazunguka, shusha mkono mmoja kidogo kama mtu anayeinamisha mzani. Utashangaa: gurudumu halitainama tu, bali litajipinda upande, kana kwamba linataka kukata kona.

Ndivyo inavyotokea chini ya Land Rover. Magurudumu yake mawili ya mbele yamefungwa kwenye ekseli moja ya chuma kizima. Moja likipanda juu ya kiraka, ekseli nzima inalala upande, na magurudumu yote mawili, kwa kuwa yanazunguka, yanajipinda. Kila kitu kikiwa kimekaza, yanarudi mahali pake na kutulia papo hapo. Lakini pakiwa na kilicholegea, yanarudi na kupita kiasi, yanavutwa tena, yanapita tena. Ni kama kumsukuma mtoto kwenye bembea: huhitaji nguvu nyingi, unahitaji tu kusukuma kwa wakati wake. Ndiyo sababu ugonjwa huu hupenda mwendo fulani. Chini ya hapo gari limetulia, na kwa huyu mwalimu mwendo wenyewe ulikuwa 60.

Kabla hatujaingia uvunguni, neno moja kwa aliye barabarani. Usukani ukianza kurushwa, usikanyage breki kwa hofu, kwani uzito wote utakimbilia mbele kwenye magurudumu yale yale yenye matatizo. Wala usijaribu kuupita mtikisiko kwa kuongeza mwendo. Toa mguu kwenye mafuta, shika usukani imara, na acha gari lipungue lenyewe. Vidole gumba vikae nje ya vyuma vya katikati ya usukani. Usukani wa Land Rover ya zamani hauna msaada wa pampu, ukirushwa ghafla unaweza kukuvunja kidole.

Haya, tumtafute mchawi. Nilimwandikia mwalimu aanze na kitu kisichogharimu hata shilingi moja: tope.

Msicheke. Anayeijua Garsen anaujua udongo wake. Tana ndio mto mrefu kuliko yote nchini Kenya, na ukikaribia bahari, kabla ya kufika Kipini, hutawanyika juu ya tambarare pana ya udongo mweusi. Ukinyesha, udongo huo hunata kama ulimbo. Ukikauka, huwa tofali. Mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998 yalizikata barabara za huko, na mwishoni mwa 2023 maji yalipanda tena, barabara ya kwenda Lamu ikafunikwa upande wa Gamba. Kwa mwenye gari la kuvuka madimbwi, tope huingia ndani ya rimu, upande usioonekana unapopiga magoti kukagua tairi. Linakauka humo. Gurudumu moja linakuwa zito upande mmoja, na kila linapozunguka linapiga teke.

Mwalimu na binti yake wa sekondari waliyatoa magurudumu yote manne na kuyakwangua kwa kisu cha zamani. Kwenye gurudumu la mbele la kushoto walipata bonge la udongo lililojaza kiganja. Walipolijaribu gari kwenye kipande cha lami kati ya Garsen na Minjila, mtikisiko haukuwa umekwisha, ila sasa ulianzia karibu na 70. Ilikuwa dalili njema. Tope lilikuwa likiuchokoza ugonjwa, na ugonjwa wenyewe ulikuwa bado uko mahali.

Hatua ya pili nayo ni ya bure. Yahamishe magurudumu ya mbele yaende nyuma, ya nyuma yaje mbele, uyapime upepo yawe sawasawa, kisha uendeshe. Kama tabia ya gari imebadilika kabisa, kosa ni la tairi au rimu. Tafuta uvimbe ubavuni mwa tairi, au zungusha gurudumu likiwa juu ya jeki huku umeshikilia kijiti karibu na rimu, uone kama rimu inayumba. Kama hakuna kilichobadilika, matairi hayana hatia. Ya mwalimu hayakuwa na hatia. Yale mapya aliyonunua yalikuwa mazuri, lakini hayakuwa dawa ya maradhi yake.

Sasa jeki. Weka gari mahali pa sawa, zima injini, zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe, na chini ya ekseli ya mbele weka vigogo imara. Jeki peke yake si ya kutumainiwa, tena kwenye udongo wa huko. Gurudumu likiwa hewani, lishike juu kwa mkono mmoja na chini kwa mwingine. Vuta juu, sukuma chini, kisha kinyume chake. Je, linacheza? Unasikia mgongano mdogo?

Ukisikia, usikimbilie kutaja jina la kipuri. Mwite mtu akanyage breki na kuishikilia, kisha utikise tena. Hapa ndipo penye siri ambayo ningependa kila mwenye gari la namna hii aijue. Breki ikikanyagwa, gurudumu linashikamana na kile linachozungukia, kwa hiyo beringi haiwezi tena kucheza. Kama mchezo umetoweka, mgonjwa ni beringi ya gurudumu. Kama mchezo bado upo hata breki ikiwa imekazwa, mgonjwa yuko ndani zaidi: ni kingpini, yaani vyuma viwili, cha juu na cha chini, ambavyo gurudumu hugeukia unapokata kona.

Upande wa kulia wa gari la mwalimu, mchezo ulitoweka. Beringi ilikuwa imelegea kidogo tu, wakaitia grisi mpya na kuikaza. Upande wa kushoto, binti akiwa amekanyaga breki kwa miguu yote miwili, gurudumu liliendelea kugonga.

Fundi mwenye haraka angeishia hapo. Nilimwomba mwalimu asiishie hapo, maana gari la miaka zaidi ya 40 mara nyingi huwa na makosa mawili au matatu yanayosaidiana. Likarudishwa chini, magurudumu yakikanyaga ardhi. Binti akaketi kwenye usukani, injini imezimwa, akawa anauchezesha kidogo kidogo, kushoto, kulia. Baba akalala chini na kuweka kiganja juu ya kila kiungo kimoja kimoja. Land Rover hii ina bolijointi sita: mbili kwenye tairodi, ule mti mrefu unaoyaunganisha magurudumu mawili, mbili kwenye mti unaolivuta gurudumu, na mbili kwenye ule unaotoka kwenye boksi la usukani. Kiungo kizima kinageuka bila kuruka. Kilicholika utakihisi kikipiga hatua ndogo ndani ya kiganja kabla hakijauvuta mti. Mkono unajua mambo ambayo jicho halioni. Bolijointi moja ya tairodi ilikuwa imelika, na mpira wake wa vumbi ulikuwa umepasuka zamani.

Kuna chombo kingine kiitwacho rilei, kimesimama wima ndani ya chasisi, mbele ya rejeta. Chenyewe huhitaji mafuta, nacho husahauliwa na karibu kila mtu. Kikague kama kimelegea, ongeza mafuta, lakini usikifungue nyumbani. Ndani yake mmebanwa springi yenye nguvu kubwa inayoweza kuruka na kumjeruhi mtu vibaya. Mwachie fundi anayekijua.

Turudi kwenye kingpini ya kushoto. Nyuma ya kila gurudumu la mbele la Series III kuna tufe la chuma linalong'aa, na ndani ya nyumba yake mna mafuta mazito. Muhuri wa mpira huzuia mafuta yasitoke na maji yasiingie. Tufe likipata kutu, uso wake huwa kama tupa na huukata muhuri. Mafuta yakaanza kutoka, watu wakasema, Land Rover isiyovuja haina mafuta, wakacheka, wakaendelea na safari. Lakini panapotoka mafuta ndipo panapoingia maji siku ya mafuriko. Mwalimu alipofungua skrubu ya chini, kilichotoka kilikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

Ndani, beringi ya chini ilikuwa na kutu. Bushi ya juu, ambayo kazi yake si kushika tu bali pia kusugua na kutuliza ule mtikisiko niliowaeleza, ilikuwa imelika ikawa pengo. Hapo ndipo mchawi alipokuwa amejificha muda wote, huku mwenyewe akinunua matairi.

Wakati wa kuirudisha kingpini kuna jambo linalowashinda mafundi wengi wa haraka. Chini ya kifuniko cha juu huwekwa vibati vyembamba kama karatasi, viitwavyo shimu. Ukiondoa kimoja, kingpini hukaza zaidi, ukiongeza, hulegea. Ikilegea, mtikisiko unarudi. Ikikaza mno, usukani unakuwa mzito na haurudi wenyewe baada ya kona. Kitabu cha gari hutaja uzito unaotakiwa kuligeuza gurudumu wakati tairodi imefunguliwa. Huna chombo cha kupimia? Nenda sokoni ukaazime mzani wa kuning'iniza wa muuza samaki. Tundika ndoano kwenye tundu la mkono wa usukani, vuta taratibu, usome namba mkono unapoanza kusogea. Ndivyo alivyofanya mwalimu, na muuza samaki alikuja mwenyewe kuhakikisha mzani wake haupotei.

Waliukagua pia usalama wa springi: bolti zinazozifunga kwenye ekseli zilikuwa zimekaza, na bushi zake zilikuwa za kuridhisha. Hapo sina mengi, ila jihadhari na watu wanaoongeza vyuma virefu ili kulinyanyua gari. Gari linapendeza kwa picha, lakini ekseli inabadilisha mlalo wake, na usukani hupoteza hamu ya kujinyosha.

Baada ya bolijointi kubadilishwa, ilibidi mlalo wa magurudumu upimwe upya. Kwa Series III, magurudumu yanatakiwa yakaribiane kidogo sana upande wa mbele, milimita 1.2 hadi 2.4 kuliko nyuma. Fahamu kwamba Defender, mdogo wake, inataka kinyume: mbele yaachane kidogo, kuanzia sifuri hadi milimita 2. Ukisikia fundi akisema Land Rover zote ni moja, muulize swali hilo kabla hujampa funguo.

Na ile dampa? Niliomba itolewe kabisa wakati wa uchunguzi. Dampa ni kama Panadol: inapunguza homa, haiui malaria. Ikiwa mpya na yenye nguvu, huuficha ugonjwa mpaka yenyewe ichoke, na wakati huo bushi, beringi na bolijointi zinaendelea kulika kimya kimya. Mwalimu alilijaribu gari bila dampa, barabara ikiwa tupu, bila abiria, akipandisha mwendo kidogo kidogo. 50, 60, 70. Alivuka ukingo uleule wa daraja, usukani ukaruka mara moja na kutulia. Ndipo dampa ikarudishwa, ifanye kazi yake halali ya kupunguza vishindo vya mashimo.

Wenye magari mengine, msiondoke. Toyota Land Cruiser za zamani zenye springi bapa, kama zile za mfululizo wa 40 na 60, nazo zina ekseli nzima mbele na kingpini zenye shimu, kwa hiyo utaratibu ni huu huu, ila mwenye Toyota atakuta beringi juu na chini. Defender na Land Cruiser ya mfululizo wa 80 zina springi za duara, na ekseli yao huzuiwa isiyumbe na mti mmoja wa kukingama kutoka kwenye chasisi. Bushi za mti huo zikilika, gari hutikisika hata kama mengine yote ni mapya. Anza na hizo. Na wewe wa mjini mwenye saluni ndogo, ambaye usukani wako hutetemeka kwa wepesi kwenye barabara kuu, gari lako halina ekseli ya namna hii. Kwako shaka ya kwanza ni balansi ya magurudumu. Ikiwa linatetemeka pale tu unapofunga breki, tazama diski za breki.

Jambo la mwisho ni kwa wote wanaovuka maji, iwe Garsen, Hola au kwenye kijito nyuma ya kwenu. Kama maji yamefika katikati ya magurudumu, usingoje mwezi uishe. Siku chache baada ya safari, legeza skrubu ya chini ya nyumba ya kingpini kila upande, uache matone machache yatoke kwenye kikopo. Fanya vivyo hivyo kwa difu ya mbele na ya nyuma. Mafuta yakiwa safi, kaza skrubu na uongeze yaliyopungua. Yakiwa na rangi ya chai, yamwage yote leo hii, utie mapya, endesha kilomita chache, kisha ukague tena, kwani maji hujificha kwenye pembe za beringi na hayatoki yote kwa mara ya kwanza.